Morris Fuller Benton, bwana wa herufi nene na finyu

Katika barabara inayotoka katikati ya mji wa Gisenyi kuelekea mpaka mdogo wa Goma, vibao ni vingi kuliko kuta za kuvibeba. Duka la kubadilisha fedha limebanana na duka la simu, duka la simu limebanana na muuza vipuri vya pikipiki, na kila mwenye duka anataka jina lake lisomwe na mtu anayepita upesi akiwa na mzigo kichwani. Mchoraji aliyepewa ubao wa mita mbili na jina la maneno manne hana njia nyingi. Akiandika kwa herufi pana, zitakuwa fupi na hazitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo huzirefusha kwenda juu, huzinenepesha, huzivua mapambo yote na kuzisimamisha bega kwa bega, kama wachuuzi wanaosubiri mpaka ufunguliwe asubuhi.

Herufi za umbo hilo, nene, finyu na zisizo na mapambo, ndizo zinazotawala mabango ya matamasha, vichwa vya habari vya magazeti na, siku hizi, picha zenye maneno zinazosambazwa kwa simu. Hazikubuniwa na mtu mmoja. Lakini yuko mtu mmoja aliyezikuta zikiwa ovyo, zikitofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, akazipatia vipimo na mpangilio ambao bado unafuatwa zaidi ya karne moja baadaye. Huyo ni Morris Fuller Benton, Mmarekani, mhandisi wa mitambo, aliyefariki dunia mwaka 1948. Wabunifu wa herufi duniani kote wanalijua jina lake. Mamilioni wanaozisoma herufi zake hawalijui.

Mtoto wa mtengeneza mashine

Benton alizaliwa tarehe 30 Novemba 1872 mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Baba yake, Linn Boyd Benton, alikuwa mmiliki mwenza wa kiwanda cha herufi mjini humo. Maneno hayo, kiwanda cha herufi, yanahitaji maelezo kwa kizazi kilichozaliwa na kuikuta kompyuta. Enzi hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, kilichomiminwa katika kalibu. Matbaa ilivinunua vipande hivyo kwa uzito, ikavipanga kimoja kimoja kwa mkono hadi maneno yakakamilika, ikavipaka wino na kuvikandamiza kwenye karatasi.

Ili kalibu ipatikane, ilikuwa lazima kwanza fundi aichonge herufi hiyo, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, katika ncha ya ufito wa chuma cha pua. Kisha ufito huo uligongwa juu ya kipande cha shaba ili uache alama yake. Uchongaji ulifanywa kwa mkono na kwa jicho, na fundi stadi alimaliza herufi moja au mbili kwa siku. Kila ukubwa wa herufi ulidai kuchongwa upya.

Mwaka 1885 Linn Boyd Benton alipata hataza ya mashine iliyobadilisha hayo yote. Mkono mmoja wa mashine ulifuatisha umbo kubwa la herufi, na upande wa pili ncha inayozunguka ilichonga umbo lilelile likiwa limepunguzwa mara nyingi. Kazi iliyokuwa siri ya vidole vya mafundi wachache sasa ilianzia katika mchoro, na mchoro mmoja uliweza kuzaa saizi nyingi.

Hapo ndipo mambo yalipoigeukia familia hiyo. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia Linotype, mashine iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mtu mmoja aliyeketi mbele ya vibonye aliweza kumimina mstari mzima wa maandishi kwa mara moja. Linotype ilihitaji kalibu kwa maelfu, na wachongaji wa mkono wasingeweza kuitosheleza. Mashine ya Benton iliweza. Kampuni ya Linotype ikaipata, ikastawi, na kwa kustawi kwake ikawanyang'anya wenye viwanda vya herufi riziki yao, maana gazeti lenye Linotype halikuwa na haja tena ya kununua herufi ndogo za habari kwa uzito. Kilichobuniwa ndani ya kiwanda cha herufi kikawa ndicho kilichompa nguvu hasimu wa viwanda hivyo.

Mwaka 1892 viwanda 23 vilivyokuwa vikishindana kwa miaka mingi viliungana ili visife, vikaunda kampuni ya American Type Founders, iliyojulikana kwa kifupi kama ATF. Kiwanda cha Milwaukee kilikuwa miongoni mwao. Linn Boyd Benton akaingia katika kampuni mpya pamoja na mashine yake.

Ghala lililojaa vurugu

Morris alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1896, na mwaka huohuo akaajiriwa na ATF kama msaidizi wa baba yake. Kufikia mwaka 1900, kabla hajatimiza miaka 30, alikuwa akiongoza ubunifu wa herufi katika kampuni nzima. Aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa vipimo na mitambo, na huenda hilo ndilo lililomfaa zaidi kwa kazi iliyokuwa ikimsubiri.

ATF ilikuwa imebakiwa na uwanja mmoja ambao Linotype haikuumudu: herufi kubwa. Vichwa vya habari, mabango na matangazo ya biashara bado vilipangwa kwa mkono, na matangazo ya biashara nchini Marekani yalikuwa yakiongezeka kwa kasi. Kampuni iliyonyang'anywa habari ndogondogo ililazimika kuishi kwa maneno makubwa.

Tatizo ni kwamba ghala lake lilikuwa vurugu tupu. Kila kimoja kati ya viwanda vile 23 kilikuja na herufi zake, na katika kundi la herufi nene zisizo na serifu mchanganyiko ulikuwa mbaya zaidi. Serifu ni vile vijipembe vinavyochomoza kwenye ncha za herufi za vitabuni, chini ya miguu ya herufi kama m na juu ya kichwa cha herufi kama l. Mwaka 1816 William Caslon wa Nne, mjini London, alichapisha kielelezo cha kwanza kinachojulikana cha herufi za chapa zisizo na vijipembe hivyo: ukubwa mmoja, herufi kubwa pekee. Watu hawakuzipokea mara moja. Lakini kadiri karne ya 19 ilivyosonga, wenye sarakasi, meli, dawa na minada walitaka mabango yanayopiga kelele ukutani, na herufi hizo zikapata kazi. Nchini Marekani zilipewa jina la Gothic. Kuanzia mwaka 1827, Darius Wells wa New York alipoanza kutumia mashine kuchonga herufi za mbao, zilizidi kurefuka, kunenepa na kubanwa ili neno moja lijaze karatasi nzima.

Kila kiwanda kilichora chake. Unene haukulingana, kimo hakikulingana, na mpigachapa aliyenunua saizi kubwa na saizi ndogo za jina lilelile aliweza kujikuta na herufi zisizofanana. Benton alianza kuzipanga kwa jicho la mhandisi. Mwaka 1902 alichora Franklin Gothic, herufi nene sana zilizopewa jina la Benjamin Franklin, mwanasiasa ambaye kabla ya siasa alikuwa mpigachapa. Katika miaka iliyofuata aliziongezea ndugu zao wafinyu, na mwaka 1906 wakaja wale wafinyu kupita kiasi. Mwaka 1903 ilitoka Alternate Gothic, na hii ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini.

Upana wa aina tatu

Alternate Gothic ilitolewa kwa upana wa aina tatu, uliotambuliwa kwa namba tu: 1, 2 na 3, namba 1 ikiwa finyu kuliko zote. Kimo kilikuwa kilekile, na unene ulikaribiana kiasi kwamba mistari ya namba tofauti iliweza kukaa katika ukurasa mmoja bila kugombana. Kwa mhariri wa gazeti jambo hilo lilikuwa na thamani kubwa. Safu ya gazeti haitanuki. Kichwa cha habari kikizidi kwa herufi mbili, mhariri ama hufuta neno, na pengine kupotosha habari, ama hupunguza ukubwa na kukifanya kionekane kama habari isiyo na uzito. Benton alimpa njia ya tatu: abadilishe namba, maneno yabaki yalivyo.

Wapo wanaodhani kuwa herufi finyu ni herufi ya kawaida iliyobanwa pande mbili. Kompyuta za leo zimelieneza kosa hilo, kwa kuwa programu yoyote inaruhusu kulivuta au kulibana neno kwa kidole. Herufi ikibanwa hivyo, mistari yake iliyosimama hupungua unene huku mistari iliyolala ikibaki kama ilivyokuwa, na neno huonekana limekonda miguu na kunenepa mabega. Herufi finyu ya kweli huchorwa upya. Mistari iliyosimama hubaki minene, na kinachopunguzwa ni weupe ulio ndani ya herufi, hadi unene wa wino na upana wa weupe vikaribiane. Mbavu za herufi O hunyooka, zikawa karibu kuta mbili zilizofungwa kwa tao juu na chini. Herufi ndogo kama a, e na n hupewa kimo kirefu, karibu na kile cha herufi kubwa. Na pale tao linapoungana na mguu, kama katika n au h, wino hupunguzwa kwa makusudi ili kona isizibe na kuwa doa. Msomaji halioni jambo hilo. Huliona pale tu linapokosekana.

Kwa lugha zetu suala hili ni zito kuliko kwa Kiingereza. Kiswahili na Kinyarwanda hubandika viambishi kwenye mzizi, na neno moja hubeba sentensi nzima. Panapotosha neno moja la Kiingereza kwa ofisi ya uhamiaji, Kinyarwanda huhitaji maneno mawili, abinjira n'abasohoka. Tangu mwaka 2017 Rwanda ina lugha rasmi nne, Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na katika mji wa mpakani kama Gisenyi, wenye wasemaji wa Kiswahili wa tangu enzi za mababu na wageni wa kila siku kutoka Goma, kibao kinachotaka kuheshimu lugha hizo zote lazima kigawane nafasi. Nafasi inapobana, lugha inayoandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo, au inayoachwa, kwa kawaida ni ile ya wachache. Herufi finyu haiondoi dhuluma hiyo, ila humnyima mwenye kibao kisingizio cha kwamba ubao haukutosha.

Herufi hizo pia zina mipaka yake. Zikipangwa katika aya ndefu huchosha macho haraka, kwa sababu weupe mdogo wa ndani hufanya a, e na s zifanane. Zikiwekwa mbali mno, weupe huo hupotea kabisa na neno huwa ukuta mweusi. Kibao cha barabarani kinachosomwa na dereva aliye kwenye mwendo kinahitaji herufi zenye nafasi zaidi kuliko bango linalosomwa na mtu aliyesimama. Benton alizitengeneza kwa maneno machache, makubwa, yanayotazamwa kwa muda mfupi.

Mafundi walioachwa nyuma

Isingekuwa haki kusimulia maisha yake bila kuwataja waliopoteza. Uchongaji wa mkono ulikuwa ufundi wa kurithishana, na wachongaji wazuri walikuwa wachache na walilipwa vizuri. Mashine ya baba na michoro ya mtoto iliwafanya wasihitajike katika kampuni kubwa. Wakosoaji wa wakati huo na wa baadaye walilalamika kwamba herufi za mashine hazina roho, kwamba mchongaji wa mkono alirekebisha kila saizi kwa jicho lake ilhali mashine ilipunguza tu mchoro.

Kwa upande wa akina Benton lawama hiyo haikuwa ya haki kikamilifu. Walijua kuwa herufi ndogo hazipaswi kuwa nakala ya herufi kubwa iliyosinyaa. Zinahitaji kuwa pana kidogo, nene kidogo, na zenye nafasi zaidi kati yao. Waliirekebisha mashine ili mabadiliko hayo yafanyike kwa hesabu, saizi kwa saizi. Jambo ambalo fundi alilijua kwa vidole wao waliliandika katika majedwali. Inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya fonti za mwanzo za kompyuta, miongo mingi baadaye, zililiacha somo hilo na kutumia mchoro mmoja kwa saizi zote.

Kwa jumla Benton anahesabiwa kuwa na aina zaidi ya 200 za herufi, idadi ambayo wabunifu wachache sana wameikaribia. Si zote zilizotoka katika kalamu yake peke yake; nyingine alizipokea kwa wengine na kuzikuza. Cheltenham, iliyoanzishwa na msanifu majengo Bertram Goodhue, aliipanua ikawa ukoo mkubwa wa herufi za upana na unene mbalimbali, na wazo hilo la herufi kuwa na ukoo ndilo analolikuta leo mtu yeyote anayefungua orodha ya fonti. News Gothic ilitoka mwaka 1908. Broadway, ya mwishoni mwa miaka ya 1920, imekuwa sura ya muongo huo kiasi kwamba filamu zinazoigiza enzi hizo huitumia kama vazi.

Lakini anayetaka kuujua upana wa fikra zake atazame Century Schoolbook. Kampuni ya Ginn, wachapishaji wa vitabu vya shule, ilimwomba herufi za kuwafaa watoto wanaojifunza kusoma. Benton alisoma tafiti za wakati huo kuhusu macho ya watoto na usomaji, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 akatoa herufi zilizo kinyume kabisa na zile za mabango: pana, zenye weupe mwingi, zilizoachiana nafasi. Mtu yuleyule aliyejua namna ya kuibana herufi hadi mwisho wake alijua pia ni nani asiyepaswa kupewa herufi hiyo.

Mtu asiyejitangaza

Frederic Goudy, mbunifu mwenzake wa zama hizohizo, aliandika vitabu, alitoa mihadhara na kuwa mtu maarufu magazetini. Benton hakufanya hivyo. Alikuwa mwajiriwa, alikwenda kazini, alifanya kazi chini ya paa moja na baba yake kwa zaidi ya miaka 30, na herufi zake zilitoka kwa jina la kampuni. Hata sheria haikumlinda mbunifu: nchini Marekani umbo la herufi halikuwa na hakimiliki, na viwanda vingine ndani na nje ya nchi viliweza kuiga kilichofaulu. Sehemu ya umaarufu wa sura za Benton imetokana na kunakiliwa huko, na ndiyo sababu mojawapo ya jina lake kupotea njiani.

Baba yake alifariki mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 88. Mwaka uliofuata mdororo mkuu wa uchumi uliiangusha ATF katika ufilisi. Wafanyabiashara waliofilisika hawachapishi matangazo, na kampuni iliyoishi kwa maneno makubwa ilikosa wa kuyasema. Ni mwaka huohuo wa 1933, huku kwetu, ambapo wamisionari wa Kabgayi walianzisha gazeti la Kinyamateka, ishara kwamba herufi za risasi zilikuwa bado na safari ndefu mahali pengine. ATF iliunganishwa upya na kuendelea, ikiwa ndogo zaidi. Benton aliendelea kuchora hata katika miaka hiyo; Agency Gothic ya mwaka 1932, finyu na yenye pembe za mraba, ni ya wakati huo. Alistaafu mwaka 1937, akafariki tarehe 30 Juni 1948 huko Morristown, New Jersey.

Kazi yake haikustaafu. Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilijitambulisha kwa Franklin Gothic kwa miongo kadhaa. Nembo ya kwanza ya YouTube, iliyotumika hadi mwaka 2017, iliandikwa kwa Alternate Gothic namba 2. Impact, iliyobuniwa na Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965 na baadaye kuingizwa katika kompyuta nyingi za ofisini, ni ya uzao huohuo wa herufi za mabango. Mwaka 2009 ilitolewa bure League Gothic, iliyofufua moja kwa moja Alternate Gothic namba 1, na mwaka 2011 Vernon Adams alitoa Oswald, pia bure, akiwa amezitazama herufi za aina hiyo na kuzirekebisha kwa ajili ya skrini. Anayetengeneza tangazo la harusi au la mkutano kwa simu yake leo ana nafasi kubwa ya kuangukia mojawapo.

ATF yenyewe haikufika huko. Ilifunga milango mwaka 1993. Mashine na kalibu zilizokuwa zimesalia zilipigwa mnada, baadhi zikachukuliwa na wapenzi wa chapa za kale, na nyingine zikauzwa kwa uzito, kama chuma chakavu.